Simu Sio Mali, Laini Ndio Mali

Msee wa Eastlands yuko rada Jogoo Road. Kwa mathree anafunga dirisha, simu anaificha mpaka ashuke. Alafu anapanda SGR pale Syokimau, akifika Mombasa anaamini kila mtu. Mbogi nzima inaingia bahari pale Pirates, simu zimefungwa kwa leso, juu yake viatu.

Hivyo ndivyo yangu ilienda Desemba. Nililia simu ya elfu 12. Kumbe mwizi hata hakuhangaika na simu, alichomoa laini akaiweka kwa simu yake. Na mimi mjanja kitambulisho nilikuwa nimekiweka ndani ya kava. Nilirudi Umoja na deni ambalo sikukopa.

Maoni yangu ni haya: tunalinda kioo, tunasahau laini. Simu ina alama ya kidole, laini haina hata pini. Ingia kwa mipangilio uiwekee pini. Kama huijui ile iliyokuja nayo usibahatishe, uliza mtandao wako, juu ukikosea mara 3 inajifunga mpaka uweke PUK. Mwizi pia itamfungia hivyo hivyo.

Piga *#06#, uandike zile namba 15 za IMEI kwa karatasi ibaki nyumbani. Ukienda kuandikisha OB utazihitaji. Kitambulisho kitoke kwa kava leo.

Na kwa bichi, ogeleeni kwa zamu. Leso sio askari.