Fuete ni mdudu gani?

Mzazi mwenzangu, Jumapili nilikuwa nasoma kwenye simu uhakiki wa onyesho la Swan Lake. Mwandishi akasema mchezaji "alikamilisha fuete zote 32". Basi, akahamia kwenye mavazi. Ingekuwa mpira nisingebabaika, kuotea na penalti tunazijua sote. Lakini fuete?

Binti yangu wa miaka 11, anayejifunza baleti, aliniona nimekunja uso. Nilitaka kumwambia niache nisome. Badala yake nikamuuliza. Akasimama kwa mguu mmoja sebuleni, wa pili akauchapa hewani kama mjeledi, akazunguka. Wa tatu haukufika, akaangukia kochi. "Hiyo ndiyo fuete, mama. Sasa yeye anafanya 32, tena kwenye ncha za vidole."

Kumbe ndilo neno lenyewe: kwa Kifaransa ni kitu kilichochapwa. Mfalme Louis wa 14 alianzisha akademia ya dansi Paris mwaka 1661, na lugha ya huko ikabaki na baleti hadi leo. Plie ni kukunja magoti. Jete ni kurusha. Pa de sha ni hatua ya paka! Maneno ya jikoni kabisa, ila sisi tunayapokea kama ya daktari.

Simlaumu mhakiki kwa kutumia neno la kazi yake. Namlaumu kwa kulitupa na kuondoka. Anayezunguka pale ni Odile, binti aliyeletwa kumlaghai mwana wa mfalme, na mizunguko ile ndiyo inayompumbaza. Je, ilitupumbaza na sisi ukumbini? Hilo ndilo nililotaka kusoma. Hesabu ya 32 hata mtoto anaweza kuipata kwa vidole, na imekuwapo tangu Pierina Legnani alipoizungusha St. Petersburg mwaka 1895. Edwin Denby, aliyeandika kwenye New York Herald Tribune miaka ya 1940, alikuwa amecheza dansi mwenyewe na istilahi alizijua, lakini alijali zaidi kukueleza jicho lake limeona nini.

Tulimalizia uhakiki pamoja, mimi nasoma, yeye anatafsiri kwa miguu. Tulipofika kwenye "jete kubwa" akaniomba kwanza nisogeze meza.