Mtazame mama kabla ya kumgusa ndama

Naomba niseme kuhusu ng'ombe aliyezaa. Nimechunga ng'ombe wa Boran miaka tisa upande wa Timau, na kabla ya hapo tulifuga zebu kwetu Siakago. Boran ni mpole akikuzoea, lakini akizalia kichakani usiku, asubuhi usimkaribie ndama kabla hujajua mama yuko wapi. Akiinamisha kichwa, akipuliza pua na kuparua udongo kwa kwato, rudi nyuma polepole ukimtazama. Usikimbie.

Ukali mwingine tunaufundisha wenyewe. Ng'ombe huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa; ukimjia huko kimyakimya, atapiga teke kwa hofu. Vijana wakiwapigia ng'ombe kelele na kuwachapa fimbo siku ya josho, safari ijayo hata langoni hawafiki. Sisi tuliacha mbwa nyumbani, tukawa tunasimama ubavuni, nyuma kidogo ya bega, na ng'ombe wenyewe wanasonga mbele.

Fahali aliyenivunja mbavu mbili alilelewa peke yake kwa chupa, hakumwogopa mtu. Wa namna hiyo auzwe mapema, hata awe mzuri vipi.