Akifa, nani atalipa?



Mama mmoja mjane wa Makambako alinijia baada ya Misa. Kikundi chake cha vikoba kilikuwa kimemnyima mkopo wa kuongeza mtaji wa biashara ya viazi. Mwenzao alimwona kliniki ya CTC, na kikaoni mtu akauliza: "Akifa, nani atalipa?" Mama huyo alianza dawa miaka kumi na miwili iliyopita. "Padre," akaniambia, "tangu wakati huo tumezika wanachama watatu. Mimi bado nanunua hisa kila wiki."

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kuwa Njombe inaongoza kwa maambukizi ya VVU: asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba ni habari za watu wengine. Ni ndugu tunaosali nao.

Katika Luka 10, Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alimfikisha majeruhi nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili kabla ya kuondoka, akaahidi kulipa kitakachozidi. Sisi wa Makambako, mji wa njia panda, tunaielewa picha hiyo. Huruma yake ilikuwa na hesabu: alilipia siku ambazo yeye mwenyewe hatakuwepo. Bima ndiyo hiyo.

Wewe unayeishi na VVU, dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, lakini nauli ya kliniki, maradhi mengine na ada za watoto vinahitaji fedha. Usiishi kama mtu anayengoja kufa. Weka akiba, kata bima ya afya ya familia, andika wosia. Dawa zimekuongezea miaka, ipangie.

Nanyi viongozi wa vikundi na jumuiya, mpimeni mkopaji kwa marejesho yake, si kwa kadi yake ya kliniki. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi. Kama mnahofia kifo, anzisheni mfuko mdogo wa kufidia deni la mwanachama yeyote atakayefariki, maana hakuna kati yetu asiyekufa.

Swali lile likiulizwa tena kikaoni, awepo Mkristo mmoja wa kujibu: "Tutalipa sisi."

Nawatakia Dominika njema.