Miguu iko tayari, kontra iko wapi?

Ndugu wachimbaji, mama zetu, na ninyi vijana munaosoma gazeti hii kwa kuazimana kule Misisi na Lubichako, leo hatusemi juu ya bei ya dhahabu. Tunasema juu ya kucheza.

Hapa Baraka kuna binti wa mwenzetu, mchimbaji wa kitambo. Karibu kila asubuhi anashuka kwenye mchanga wa ziwa mbele wavuvi hawajarudi. Anakimbia, anaruka kamba, ananyoosha miguu mpaka anakaa chini yote miwili imepanuka. Kisha anasimamisha telefone juu ya ndoo na kujipiga video, sababu nyumbani hakuna kioo cha kumwonyesha mwili mzima. Anahesabu moja mpaka nane, anarudia moja mpaka nane. Miaka 18 ameitimiza. Anajitayarisha kwa testi ya kundi moja la wachezaji wa kulipwa, huko Uvira. Kundi hilo linacheza nyuma ya waimbaji, na siku za mechi linacheza pembeni ya uwanja, nguo moja, hatua moja, kama wale wasichana wa Marekani anaowaangalia kwenye telefone.

Mambo hii imetugawa. Papa yake aliileta mbele ya komite ya sendika. Si kwamba sendika inajua kucheza, ni kwamba hakuwa na fasi ingine ya kuipeleka. Wazee wawili walisema palepale: hapana, mutoto mwanamuke hawezi kwenda kutikisa kiuno mbele ya watu, ni kumpoteza. Vijana nao: muache aende, hapa atapata nini, kutwanga mawe? Tulibishana mpaka giza ikaingia. Tunaandika hapa tulipofikia, juu tunajua nyumba hiyo haiko peke yake.

Kwa wazee tunasema hivi, kwa heshima yote. Tshala Muana, yule mama wa mutuashi, alianza kama mchezaji nyuma ya M'Pongo Love. Mbilia Bel alipitia kwa Abeti Masikini kabla ya kwenda kuimba kwa Tabu Ley. Na Tabu Ley mwenyewe alikuwa na wachezaji wake, Rocherettes, ambao watu walikuja kuwaangalia sawa walivyokuja kumsikiliza yeye. Wazee wetu hao hao, ndoa ikifanyika, ndio wa kwanza kuomba nyimbo hizo na wa mwisho kutoka uwanjani. Mwezi wa 12, 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo hizi mbili katika urithi wa dunia nzima. Hiyo rumba ilichezwa na nani? Na binti za watu.

Sasa vijana, ninyi munaosema aende tu. Mwezi ule ule wa 12, 2021, korti ya rufaa ya Versailles, huko Ufaransa, ilimhukumu Koffi Olomide miezi 18 ya kifungo chenye kusimamishwa, kwa kuwafungia wachezaji wake wanne wa zamani. Kwa mashtaka ya kuwashika kwa nguvu korti hiyo ilisema hana hatia, hatuongezi neno. Lakini angalieni hiyo moja iliyobaki. Wasichana walivuka bahari kwa kazi, wakasema waliwekwa katika nyumba karibu na Paris bila uhuru wa kutoka wapendavyo. Na mwezi wa 7, 2016, video ya uwanja wa ndege wa Nairobi ilionyesha mwimbaji huyo huyo akimpiga teke mwanamke wa kundi lake mbele ya watu. Kenya walimrudisha nyumbani mbele hata hajaimba. Wengi wetu tuliangalia ile video tukicheka. Tulicheka sababu hatukumwona kama mfanyakazi. Tungemwona kama mfanyakazi, tungeuliza mara moja: kontra yake inasema nini?

Sisi wa mashimo tunaijua ile nyumba ya Paris. Iko kwetu pia, ila haina kuta. PDG wa shimo anakupa unga, maharage, mafuta ya motopompe, anaandika kwenye daftari yake mwenyewe, na wewe huna daftari. Miezi inapita, mshipa haujaonekana. Siku unaonekana, yeye analipwa deni lake kwanza, kisha wengine wenye kukata wanakata, na wewe unarudi nyumbani na kitu cha kununua sabuni. Ukitaka kuondoka unaambiwa lipa kwanza. Hakuna aliyefunga mlango, deni njo kufuli. Tuliingia hivyo tukiwa na miaka 17, 20, bila karatasi hata moja, na tumezeeka tukipigania karatasi. Tutawaacha watoto waingie katika kazi ingine kwa mlango ule ule?

Acha tuseme ilivyokuwa na testi yenyewe. Mtu mmoja alipiga simu, akajitambulisha kuwa anaandikisha majina. Aliomba dolari 50 za dosie na picha mbili za mwili mzima. Akasema pia msichana afike siku moja mbele, peke yake, ataonyeshwa fasi ya kulala. Papa alikuwa tayari kuuza sehemu yake ya mchanga ili apate hizo 50. Tukamwomba namba, tukapiga sisi. Tulimuuliza ofisi ya kundi iko wapi, akasema tutaijua tukifika. Tulimuuliza kama dolari 50 ziko na risiti, akakata. Tukapiga tena, telefone imezimwa. Tangu siku ile hajaonekana hewani.

Testi ya kweli tuliipata kwa njia ingine, kupitia mwalimu anayejua watu wa kundi. Haina malipo ya kuingia, na mtu anaruhusiwa kusindikizwa na mkubwa wake. Kwa hiyo mzazi anayesoma hapa ashike angalau hii moja: kazi ya kweli haikuombi pesa ili ikuajiri. Shimoni pia ni hivyo hivyo, tulichelewa tu kujua.

Kuna wasichana wengine wawili, wa miaka 15 na 16, waliotaka kufuatana naye. Kwa hao tulisema hapana, na hapo tulikuwa pamoja na wazee. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Sisi tunaokatazana kuingiza watoto mashimoni hatuwezi kusaini watoto kwenda kulala mbali kwa ajili ya jukwaa. Walilia. Mama ya mmoja mpaka leo hatusalimii vizuri sokoni. Tunakubali.

Tuseme kidogo juu ya Marekani, sababu binti zetu wanafikiri kule wale wasichana wa pembeni ya uwanja ni matajiri. Huko Oakland, California, kulikuwa na timu kubwa ya mpira wao, Raiders. Mwezi wa kwanza 2014, mmoja wa wachezaji wake wa pembeni aliipeleka timu kortini. Walikuwa wanalipwa dolari 1,250 kwa msimu mzima, na pesa hiyo ilitoka mwishoni tu. Mazoezi hayakuhesabiwa. Ukileta pompon zisizo zenyewe kwenye mazoezi, unakatwa dolari 10. Walipopiga hesabu ya saa zote, ikawa chini ya dolari 5 kwa saa, wakati sheria ya pale iliamuru zaidi. Mwaka ule ule timu ilikubali kulipa dolari milioni 1.25 kwa wasichana wa misimu kadhaa, na mwaka 2015 California ikaandika sheria kwamba wachezaji hao ni wafanyakazi kama wengine. Wengine wa mji wa Buffalo walikuwa wamefanya sendika yao tangu 1995. Tulipomsomea huyu binti hayo, aliuliza: kumbe hata wao wanakatwa? Ndiyo, mama. Hata wao.

Sasa fasi yenye kutuuma. Huyu binti tulimjua wapi? Kwenye defile ya 1/5. Miaka mitatu mfululizo yeye na wenzake wamecheza mbele ya sendika yetu, na pompon walizotengeneza wenyewe kwa nyuzi za mifuko ya zamani. Watu walitupigia makofi sababu yao, si sababu ya hotuba zetu. Walifanya mazoezi wiki nzima juani. Tuliwapa nini? Fanta moja na mandazi, na neno asante. Mwenye sono alilipwa. Mwenye viti alilipwa. Mpiga picha alilipwa kesho yake, baada ya kutufuata mpaka nyumbani. Siku ya kazi, sendika ya wafanyakazi ilichezesha watu bure, na hakuna kati yetu aliyeona. Ni yeye aliyetuambia pale kwenye komite, kwa sauti ya chini, akiangalia chini: "Papa, hata ninyi hamukutulipaka." Hakuna aliyepata jibu. Mwenyekiti alikohoa.

Basi matayarisho yake sasa yako namna mbili. Ya miguu anayajua mwenyewe, sisi hatuna la kumfundisha, isipokuwa mambo ya chakula. Alikuwa ameacha bugali, anakunywa chai tu, akisema kundi halichukui wanene. Asubuhi moja alianguka kwenye mchanga, kizunguzungu. Mama yake, ambaye anatwanga mawe tangu binti huyu yuko mgongoni, alimwambia mwili bila chakula hautwangi hata kikombe kimoja. Sasa anakula bugali, ndagala na maharage kama watu wengine, na tunaambiwa anaruka juu zaidi.

Ya karatasi tumeyafanya pamoja, jioni mbili, kwenye meza ya sendika. Tulimgeuza mmoja wetu kuwa mupatro, msichana akamuuliza. Atalipwa kwa mwezi ao kwa kila onyesho? Siku za mazoezi zinahesabiwa? Nguo na viatu ni vya nani, na vikipasuka nani analipa? Akivunjika mguu jukwaani, nani anampeleka hospitali? Karata ya uchaguzi na pasipoti zitakaa mfukoni mwa nani? Hilo la mwisho tulimfanya alirudie mpaka akachoka. Mara ya kwanza aliuliza akicheka, amejifunika mdomo. Jioni ya pili hakucheka tena, na huyo mupatro wetu wa kuigiza alianza kutoka jasho kweli, juu maswali ni yale yale ambayo yeye mwenyewe hajawahi kumuuliza PDG wake.

Kuna waliotuambia maswali kama haya yatamfukuzisha, kundi litachukua msichana asiyeuliza. Inawezekana. Tulimwambia wazi, na yeye ndiye alisema ataenda hivyo hivyo: kwanza acheze, wamuone, kisha aulize. Mpango huo ni wake, na tunaona ni mzuri kuliko wetu, maana sisi tulitaka aulize mlangoni.

Ataondoka wiki ijayo na tantine yake na mama mmoja wa komite. Nauli ya huyo mama inatoka kwenye keshia ya sendika, na wanaouliza kwa nini pesa ya wachimbaji ilipe safari ya kucheza, wapite ofisini, daftari iko wazi. Na kwenye daftari hiyo hiyo tumeandika tayari ya 1/5 ijayo: pesa ya wasichana wa defile iko mstari wa kwanza, juu ya sono. Kiasi bado tunabishana. Yeye na wenzake wameomba kuwa ndani ya kikao hicho, na tumekubali.