Damu Chooni Si Bawasiri Kila Mara

Naomba niwaeleze wananchi wenzangu jambo ambalo wengi wetu hulionea haya. Mimi nami nililionea haya, na limenigharimu. Jambo lenyewe ni saratani, au kansa kama tulivyozoea kuiita, ya utumbo mpana, yaani ule utumbo wa mwisho unaopeleka choo hadi njia ya haja kubwa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Toangoma, wilaya ya Temeke. Wazee wa hapa bado wanapaita kijijini, ingawa nyumba sasa zimejaa kila upande. Baba yangu mdogo alikuwa fundi seremala Mbagala. Siku moja, baada ya kuwatoa watoto nje, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kila akienda haja anaona damu. Mimi niliyepita chuo cha ualimu, na ambaye huwafundisha watoto sehemu za mwili, nilimjibu kama mtu mwingine yeyote: "Baba, hiyo ni bawasiri tu." Kesho yake nikapita kituo cha daladala nikamnunulia chupa ya dawa ya mizizi kwa muuzaji mwenye kipaza sauti. Damu ikakoma kwa wiki chache, tukafurahi.

Baadaye akaanza kuchoka hata randa ikamshinda kusukuma. Katika zahanati moja walimpima wakakuta damu imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyeuliza damu ile inakwenda wapi, na yeye kwa haya hakusema. Mwezi wa kumi na moja tangu aliponieleza, tumbo lilijaa, choo kikafunga kabisa, hata hewa haikutoka. Alipasuliwa usiku ule ule. Daktari alitueleza kwamba uvimbe umeziba utumbo na umekwisha kutawanyika hadi kwenye ini. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, damu hii ilianza lini?" Nilipomtajia miezi, nilitazama chini. Miezi mitano baadaye tulimzika. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Ndugu Mhariri, sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu tangu msiba ule nimeuliza waganga na kujisomea, na nililolikuta limenisikitisha zaidi: ugonjwa huu, tofauti na maradhi mengine mengi, hutupa muda mrefu wa kuukamata. Sisi wenyewe ndio tunaoupoteza muda huo.

Hebu tutazame jinsi unavyoanza. Ngozi laini ya ndani ya utumbo hujengwa upya kila baada ya siku chache. Mara nyingine chembe hai za ngozi hiyo hukosea, zikaongezeka pasipo mpango, kikaota kinyama kidogo mfano wa uyoga. Kinyama hicho hakiumi. Vingi vya namna hiyo havigeuki kuwa saratani. Lakini vile vinavyogeuka kwa kawaida huchukua miaka kumi au hata zaidi. Katika miaka yote hiyo mtu hula, hufanya kazi na hucheza ngoma, asijue lolote.

Kinapogeuka, mwanzoni saratani hukaa ndani ya ukuta wa utumbo tu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Katika hatua ya pili hupenya ukuta wote. Katika ya tatu huingia katika matezi yaliyo jirani, na katika ya nne husafiri kwa njia ya damu hadi ini, mapafu na kwingineko. Katika nchi zenye matibabu ya kutosha, wagonjwa wapatao tisa katika kila kumi waliokutwa na hatua ya kwanza huwa hai baada ya miaka mitano. Waliokutwa na hatua ya nne ni wachache sana wanaofika huko. Ugonjwa ni ule ule. Kinachowatofautisha watu hawa zaidi ya yote ni siku waliyogunduliwa.

Sasa dalili. Ya kwanza ni damu katika choo, iwe nyekundu au choo cheusi mfano wa lami. Ya pili ni kubadilika kwa desturi ya choo: mtu aliyekuwa akienda vizuri anaanza kufunga, au kuharisha, au vyote viwili kwa kupokezana, au choo kinakuwa chembamba kuliko kawaida. Ya tatu ni kujisikia haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni. Ya nne ni tumbo kusokota na kujaa mara kwa mara. Ya tano ni kukonda bila sababu. Ya sita, ambayo ndiyo iliyotupita sisi, ni uchovu na weupe wa viganja kwa kupungukiwa damu. Uvimbe ukiwa upande wa kulia wa tumbo huweza kuvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo mwanamume mtu mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, akiambiwa hana damu, asiridhike na vidonge peke yake. Aulize imepotelea wapi.

Najua wengine watasema dalili hizo ni za maradhi mengi. Ni kweli kabisa. Amiba huleta kuhara damu, minyoo ya safura humaliza damu, vidonda vya tumbo hutoa choo cheusi, na bawasiri yenyewe hutoa damu nyekundu. Wengi wanaoona damu hawana saratani. Lakini ndiyo sababu mtu hawezi kujipima mwenyewe, wala muuzaji wa kituoni hawezi kumpima kwa kumtazama usoni. Zaidi ya hayo, mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja. Dalili yoyote kati ya hizo ikipita wiki tatu, nenda hospitali. Ukiona choo cheusi au damu nyingi, au tumbo limejaa na choo kimefunga, usingoje hata siku moja.

Kuna jambo jingine linalotuponza huku pembezoni mwa mji. Choo cha shimo hakionyeshi kitu, na wengi wetu hutawadha kwa maji, hivyo damu huondoka isionekane. Mtu anayejisikia vibaya ajipanguse kwanza kwa karatasi nyeupe, aitazame penye mwanga, ndipo atawadhe. Si uchafu huo.

Wapo pia wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Maneno haya yana asili yake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, aliona kwamba wanavijiji wa Afrika waliokula nafaka zisizokobolewa, maharage na majani hawakuupata ugonjwa huu kwa wingi kama watu wa Ulaya, na mwaka 1971 aliandika juu ya jambo hilo. Lakini je, sisi wa leo tunakula kama wanavijiji wale? Dona tumeiacha tukashika sembe nyeupe, na jioni ni chipsi na soda. Mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za kusindikwa kama soseji husababisha saratani hii. Sigara, pombe, unene na kukaa kutwa bila kutembea navyo huongeza hatari. Hata hivyo, chakula bora hupunguza hatari tu, hakiiondoi. Baba mdogo alikula dona na kisamvu maisha yake yote.

Tusidhani pia kwamba ni ugonjwa wa wazee tu. Ni kweli humpata zaidi mtu aliyepita miaka 50, kama Pelé, mchezaji mpira maarufu wa Brazil, aliyefariki Desemba 2022 akiwa na miaka 82. Lakini jirani zetu wa Kenya walimpoteza Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, aliyefariki Julai 2019 akiwa na miaka 41. Yeye alijitokeza hadharani akataja ugonjwa wake, na kwamba umegunduliwa ukiwa katika hatua ya nne. Nampa heshima kubwa kwa hilo, kwani viongozi wengi huficha.

Vipimo vyenyewe ni nini? Cha kwanza ni daktari kuingiza kidole chenye glavu katika njia ya haja kubwa. Watu, hasa sisi wanaume, hukikimbia kwa sababu ya haya, lakini ni kipimo cha dakika moja. Cha pili ni kupima choo kama kina damu iliyojificha. Cha tatu ni mpira mwembamba wenye kamera, unaotazama utumbo kwa ndani. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinyama kikionekana huweza kukatwa pale pale, kabla hakijawa saratani. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua apimwe mapema kuliko watu wengine, hata kama hana dalili. Nimekwisha waambia watoto wa marehemu.

Watu huogopa Ocean Road wakisema anayepelekwa kule harudi. Taasisi ile, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, haiui watu. Wagonjwa wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, ndipo tunalaumu jengo.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa waganga wa zahanati na vituo vya afya: mgonjwa akija na upungufu wa damu au akitaja bawasiri, tafadhalini mwulizeni habari za choo bila kumwonea haya, na mpeni barua ya hospitali ya Temeke au Mwananyamala mapema. La pili ni kwa Serikali. Mwaka 2018 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote kwa wasichana wa miaka 14, na watu wakauelewa ugonjwa ule. Utumbo mpana nao utangazwe redioni na katika mikutano ya mitaa. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kipimo cha kamera kisiwe cha mwenye pesa tu. La tatu ni kwetu sisi walimu: tunapofundisha usafi wa choo, tuwafundishe watoto kwamba kutaja habari za choo kwa mzazi au mganga si utovu wa adabu.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakafundishwa kuchimba vyoo nao wakachimba. Kazi iliyobaki kwetu ni ndogo kuliko ile: kutazama kabla ya kutoka chooni, na kusema tulichokiona. Ningelijua hilo siku ile baba mdogo aliponinong'oneza, ningempeleka Temeke badala ya kituoni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Toangoma, Temeke,
Dar es Salaam.