Kawe na Buyungu: kura haina tajiri

Wachambuzi hupenda kulitaja jimbo la Kawe, lenye mitaa ya wenye nazo kama Mikocheni, kuwa mfano wa wapigakura wasiofuata mkumbo: mwaka 2010 lilimchagua Halima Mdee wa CHADEMA, likamrudisha 2015, kisha 2020 likaenda kwa Josephat Gwajima wa CCM. Hoja kwamba uthubutu huo ni tunda la kipato haisimami ukitazama nyanda za juu za Kigoma. Mwaka huohuo wa 2010, NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne nchi nzima, yote mkoani humo, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe yakiwamo. Hakuna maghorofa ya kifahari huko. Kuna mihogo na maharage.

Atakayesema huo ulikuwa upepo wa watu wachache wenye mvuto ana sehemu ya ukweli, kwani 2015 Kasulu na Muhambwe zilirejea CCM. Lakini mwaka huohuo Buyungu, jimbo jingine la Kigoma, lilimchagua Samson Bilago wa CHADEMA, na alipofariki 2018, CCM ikalitwaa tena kupitia Christopher Chiza. Huko si kufuata mkumbo.