HUDIHUDI ALIULIZWA, NDEGE HIZI NANI ATAZIULIZA?



Zamani vita vilipotaka khabari, alitumwa mtu. Alijificha vichakani, akahesabu mioto ya kambi ya adui, akarudi usiku akasimulia aliyoyaona. Na akisema uongo, shingo yake ilikuwa rehani. Leo anatumwa mdudu wa plastiki na nyaya. Askari wa miguu humtoa katika mkoba wake, humrusha kwa mkono kama mtoto arushavyo tiara, na huyo mdudu hupanda juu akaleta picha katika kioo kidogo alichokishika askari mwenziwe. Wenye elimu huiita ndege isiyo na rubani, magazeti ya bara huiita ndege nyuki, na wengi wetu twaiita droni. Ile ya Kimarekani iitwayo Raven uzito wake haupiti sana kilo mbili, nayo hukaa hewani kiasi cha saa moja. Mwaka 2011 Marekani ilitangaza kuwapa za namna hiyo majeshi ya Uganda na Burundi yaliyokuwa yakipigana Somalia. Kwa hiyo jambo hili si khadithi ya ng'ambo tena. Limo katika Afrika ya Mashariki yetu, na hapana budi tuliseme.

Tunaandika haya kutoka Msimbu, katika Kisarawe, ambako baadhi yetu tumeweka maduka na makazi. Pwani hii inalijua jicho la angani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja, tarehe 20 Septemba, kisha ikaenda kujificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, kusini ya hapa tulipo. Mizinga ya Waingereza haikuweza kupiga kisichoonekana. Wakaleta ndege, kwanza katika kisiwa cha Nyororo, na baadaye Mafia. Julai 1915 marubani walikaa juu wakiwaelekeza wapiga mizinga wa meli mbili, Severn na Mersey, kombora moja baada ya jingine, mpaka tarehe 11 ya mwezi ule Königsberg ikaangamia. Hapana aliyewataka shauri watu wa Rufiji wala wa Mafia. Vita havikuwa vyao. Mikoko na bahari ndivyo vilivyokuwa vyao.

Tusidhaniwe kuwa tunakichukia chombo. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pamoja na Kamisheni ya Ardhi na kwa msaada wa Benki ya Dunia, walirusha ndege ndogo kama hizi juu ya Unguja na Pemba wakaipiga picha nchi yetu yote kwa ajili ya ramani. Kazi ile ilifanywa mchana, ikatangazwa, na picha zake zikawekwa wazi kwa kila atakaye. Tuliipongeza, na tunaipongeza. Kisu kimoja hukata mkate na hukata mkono. Tunalouliza ni nani amekishika, na kwa idhini ya nani.

Shitaka letu la kwanza ni juu ya wale wanaowapeleka vijana wetu vitani.

Jeshi la Wananchi ni jeshi la Muungano, na wana wa visiwa hivi wamo ndani yake. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikiunda Kikosi cha Kuingilia Kati huko Kongo, kwa askari wa Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi. Desemba ya mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ukazirusha Goma ndege zake za kwanza za upelelezi zisizo na rubani, zilizotengenezwa Italia na kuitwa Falco. Wakubwa walisimama uwanjani, picha zikapigwa, dunia ikaambiwa kuwa sasa walinda amani wana macho.

Ikapita miaka minne. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya askari wa Tanzania huko Semuliki, upande wa Beni, ilivamiwa. Vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwenyewe alisema ni shambulio baya kabisa kwa walinda amani katika historia ya karibuni. Uchunguzi uliofanywa baadaye, na kutangazwa mwaka 2018, ulitaja upungufu katika uongozi na amri, ukataja kukosekana kwa nyenzo za lazima, yaani usafiri wa anga, uhandisi na upelelezi, ukasema pia kuwa hapakuwapo mpango wa dharura uliofaa wa kuwapelekea msaada askari wale au kuwatoa. Na tuyasome maneno haya taratibu. Jicho lilikuwapo nchini Kongo tangu 2013, na upelelezi ulikosekana Semuliki 2017. Basi lile jicho lilikuwa la nani?

Wala si Kongo peke yake. Tarehe 5 Januari 2020, katika Manda Bay huko Lamu, kwenye pwani yetu hii ya Waswahili, Al-Shabaab waliingia alfajiri katika uwanja wa ndege wanaoutumia Wamarekani. Uwanja ule kazi yake khasa ilikuwa ni ndege za kupeleleza, nao waliushambulia watu wasiofika 50 waliotokea msituni. Wamarekani 3 walikufa na ndege 6 ziliharibiwa. Wenye macho makubwa kuliko wote duniani hawakuwaona waliotambaa katika ua wao wenyewe. Waswahili husema mgeni macho anayo lakini haoni.

Mwaka 2023 vijana wetu walirejea Kongo, mara hii chini ya bendera ya nchi za Kusini mwa Afrika. Aprili 2024 askari 3 wa Tanzania waliuawa kwa kombora. Januari 2025, katika siku za kuanguka Goma, wakafa 2 wengine. Vita vile vilikuwa vimejaa droni pande zote. Tunauliza kwa adabu, lakini tunauliza: hawa wetu walikwenda na macho gani? Nani alikula yamini kuwa wakizingirwa watatolewa? Mzazi aliyempokea mwanawe katika sanduku ana haki ya jawabu.

Shitaka letu la pili ni juu ya jicho hilo likigeuzwa kuwatazama wenye nchi.

Picha itokayo juu huonyesha mwili, haionyeshi nia. Mvuvi aliyebeba kasia begani, ukimtazama kutoka mawinguni, hana tafauti na mwenye bunduki. Tarehe 29 Agosti 2021, mjini Kabul, Wamarekani waliifuata gari moja kwa muda wa saa nane, wakayaona madumu ya maji wakayadhani baruti. Waliua watu 10, na 7 kati yao ni watoto. Tarehe 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna huko Nigeria, Waislamu walikusanyika kusoma Maulidi. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na droni juu yao. Mtazamaji aliona kundi la watu usiku, akalihukumu kuwa ni majambazi. Wasiopungua 85 waliuawa. Jeshi likakiri baadaye kuwa liliusoma vibaya mwenendo wa wale watu. Walisoma vibaya! Na sisi ambao kila mfungo sita tunakusanyika uwanjani, taa zimewashwa na madufu yanapigwa, tukionekana kutoka juu tunafanana na nini?

Hatusemi kuwa hayo yametokea hapa. Tunasema kuwa nchi hii inayo kumbukumbu. Januari 2001 damu ilimwagika Pemba, na watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Kenya kwa vyombo vya baharini. Mwaka 2017, hapa hapa Mkoa wa Pwani, katika misiba ya Kibiti na Rufiji, askari na viongozi wa vijiji waliuawa na wasiojulikana. Kisha ikaja operesheni, na wapo waliochukuliwa wasirudi. Mwandishi Azory Gwanda alitoweka Kibiti Novemba ya mwaka huo, na hajaonekana mpaka leo. Hayo yote yalitendeka kwa macho ya kawaida. Dola isiyotoa hesabu ya macho mawili, tutaipaje macho elfu bila sharti?

Sheria yenyewe imeinama upande mmoja. Mpiga picha wa harusi akitaka kurusha droni sharti atafute kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ridhaa ya wenye ulinzi. Ni sawa, hatuna ugomvi na hilo. Lakini dola ikitaka kumtazama raia uani kwake, raia hajui karatasi gani imetiwa saini, na nani. Na Katiba ya Muungano, Ibara ya 16, inampa kila mtu heshima ya nafsi yake na maskani yake. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inasema mfano wa hayo. Tena ulinzi ni jambo la Muungano: Baraza la Wawakilishi letu halilitungii sheria. Vijana tunatoa, lakini swali sharti liulizwe Dodoma.

Wapo watakaotuambia kuwa mambo ya jeshi ni siri, na muuza sukari hana haki ya kuyatia mdomoni. Tunawajibu kuwa siri ya vita ni mahali alipo askari na saa atakayoondoka. Sheria ya kumtazama raia si siri ya vita. Mpango wa kumuokoa askari aliyezingirwa, kuwapo kwake au kutokuwapo, si siri ya vita. Wengine watasema kuwa mwenye haki haogopi kutazamwa. Vyema! Basi na mkubwa mwenye haki asiogope kuulizwa.

Sisi tuliokaa chuoni juu ya jamvi tulifundishwa kisa cha Nabii Suleiman, amani iwe juu yake. Alikagua ndege zake akamkosa hudihudi, akamtaka udhuru wa kutokuwapo kwake. Hudihudi akaja na khabari ya Sabaa na malkia wao. Suleiman, ambaye ufalme wake haukuwa na mfano, hakupeleka majeshi kwa neno la ndege. Aliazimia kwanza kuupima ukweli wa yule mpelelezi, kisha akampa barua. Barua ikatangulia, majeshi yakabaki nyuma. Tena katika Sura moja, ya Hujurat, tumeamrishwa kuihakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na tumekatazwa kupelelezana. Ikiwa ndege wa Nabii aliulizwa, ndege hizi za kununua kwa kodi yetu ni nani hata zisiulizwe?

Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kwanza, asipelekwe kijana wetu nje ya nchi mpaka Bunge liambiwe ana nyenzo gani za kuona, za kusaidiwa na za kutolewa.

Pili, droni ya jeshi au ya polisi isitumwe juu ya raia ila kwa amri ya hakimu, iliyoandikwa na yenye mwisho. Na isitumwe kabisa juu ya mkutano wa siasa, msikiti, kanisa wala foleni ya kura.

Tatu, picha peke yake isiwe hukumu. Asipigwe mtu wala asikamatwe kwa ushahidi wa jicho la juu ambalo halikuthibitishwa na jicho la chini.

Nne, panapotokea kosa, litajwe hadharani, aliyekosa ajulikane, na wenye maiti walipwe haki yao bila kuzungushwa.

Ndugu wanachama, isomeni karatasi hii barazani, mjadili, na kila tawi liandike azimio lake kuwapelekea wabunge wetu. Asiyeuliza leo, kesho ataulizwa yeye: mlikuwa wapi macho haya yalipokuwa yakipandishwa?

Wabillahi tawfiq.

Wanachama wenu, Msimbu